Sala Aliyoikataa Gwantwa

Mtu akifika kwa mara ya kwanza kwenye kibanda cha Gwantwa Kibona, pale sokoni Tunduma, hukodoa macho. Mama huyo hukunja vitenge kwa mkono mmoja akisaidiwa na kidevu, upesi kuliko wenzake wenye mikono miwili, kisha humrushia mteja swali bila kumtazama: "Unaangalia nguo au unaangalia mkono? Nguo zinauzwa. Mkono ulishachukuliwa bure."

Wengine hucheka. Wasiomjua huona aibu, wakanunua hata wasichokuwa na haja nacho.

Gwantwa alizaliwa milimani Ileje, juu ya Itumba, akaolewa Tunduma na fundi seremala ambaye homa ilimwondoa mapema. Akabaki na mabinti wawili na kibarua kwenye mashine ya kukoboa mahindi. Mkanda wa mashine ile ulikuwa na kifuniko cha bati. Mwenye mashine alikiondoa kwa sababu kila mkanda ulipochomoka mafundi walipoteza muda kukifungua. Asubuhi moja mkanda ukashika mkono wa sweta la Gwantwa, na sweta halikwenda peke yake.

Mwenye mashine alimfuata hospitali na blanketi jipya na sukari. Akasimama kando ya kitanda, kofia mkononi, akamwambia, "Mshukuru Mungu, mama. Wengine mashine hizi huwamaliza kabisa." Na Gwantwa, mkono umeishia juu ya kiwiko, dawa ya usingizi bado kichwani, alisema asante.

Zaidi ya miaka miwili baadaye, maofisa walikuja mjini kuzungumza na wafanyabiashara. Wakaeleza kwamba mtu akiumia kazini, awe wa mkataba au kibarua wa siku, upo mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Kwamba atatibiwa, atalipwa wakati hawezi kufanya kazi, na akibaki na ulemavu atalipwa kwa ulemavu wake. Ila taarifa itolewe kabla mwaka haujaisha. Gwantwa alikuwa amesimama nyuma kabisa. Akanyoosha mkono aliobaki nao, akauliza, "Na mimi?" Ofisa aliyekuwa akizungumza alimtazama, akauliza ilikuwa lini, kisha akashusha macho yake mezani. Jibu likawa hilo.

Ingekuwa sheria haipo, Gwantwa angelia akanyamaza. Lakini ilikuwepo. Mwenye mashine aliijua, karani wake aliijua, na wote wawili walikuja kumwangalia kitandani wakiwa wamefumba midomo, wakanywa chai ya mama yake, wakaondoka. Hilo ndilo lililomkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Mtu kukuibia ni jambo moja. Kukuibia, kisha akangoja umshukuru, ni jambo jingine kabisa.

Tangu hapo akawa hawezi kusikia mtu kaumia kazini akatulia. Alimpeleka mpasua kokoto wa kule Mkwajuni aliyepofuka jicho. Alimpeleka mjane wa utingo aliyebanwa kati ya matela mawili kwenye foleni ya mpakani. Aliwaongoza mpaka ofisi ya kazi, akawaonyesha taarifa ya daktari inapatikana kwa nani, akawakumbusha kurudi wanapoambiwa warudi, na pale walipovunjika moyo aliwagombeza mpaka wakainuka. Hakuchukua chochote. Watu wa sokoni hawakuamini, wakasema lazima ana fungu lake. Gwantwa alipoyasikia hayo alisema, "Waache waseme. Wangekuwa wanasema hivyo kwa matajiri, ningewapa kitenge kila mmoja."

Makuli wa mpakani walimwita Bamayo, kama Wabemba wa ng'ambo ya Zambia wanavyomwita mama wa watu, na jina likamkaa.

Siku moja ya masika, mvua imewafukuza wateja, aliingia kibandani msichana mwenye mtoto mgongoni na matope mpaka kwenye magoti. Alijitaja kuwa Imelda, mke wa Shadrack Nzunda. Gwantwa alimfahamu Shadrack kwa sura: kijana wa Mbozi, mrefu, kuli wa godauni la mbolea kule Mpemba, na walikuwa wakisali usharika mmoja. Habari zake alikuwa amezisikia. Alikuwa amepata ajali ya pikipiki, uti wa mgongo ukavunjika, na tangu mwezi uliopita hakuwa na hisia miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa, mtoto asilowe. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Amelala tu." Imelda alimshusha mtoto, akamfunika kwa khanga. "Mama, bosi alikuwa anatoa hela ya dawa. Sasa simu yangu hapokei. Nikienda langoni, mlinzi ananiambia nisirudi."

"Bosi anahusikaje na ajali ya pikipiki?"

Imelda alitazama nje, mvua ilikokuwa ikipiga mabati ya vibanda vya jirani.

"Mume wangu hajui kuendesha pikipiki," alisema. "Na hana nauli ya bodaboda; huenda kazini kwa miguu. Siku ile nilimpelekea viazi mchana, nikakuta lango limefungwa na makuli wote wamesimama nje. Hakuna aliyenitazama usoni. Wakaniambia nyumbani baadaye kwamba ni pikipiki. Na yeye mwenyewe anasema pikipiki. Nimuamini nani?"

Gwantwa alifunga kibanda. Wakatoka mvua ile ile ikiwanyea.

Shadrack alikuwa amelazwa kwenye godoro chini, chumba kimoja cha kupanga, dirisha dogo. Gwantwa alimsalimia, akampa pole, akakaa kwenye kindoo kilichogeuzwa.

"Ilikuwaje, baba?"

"Nilianguka na pikipiki."

"Wapi?"

"Barabarani." Macho yake yalikuwa kwenye kenchi za paa.

"Shadrack, mimi nimekaa kitandani kama wewe. Walinijia na blanketi. Wewe wamekujia na nini?"

Kijana alijifunika uso kwa kiganja akaanza kulia, na Imelda akageukia ukutani kwa sababu hakuwa amewahi kumwona mumewe hivyo. Maneno yakatoka vipande vipande. Siku hiyo malori ya mbolea yalikuwa yamefika mengi kuliko nafasi. Bosi aliagiza mifuko ipangwe mpaka karibu na paa ili malori yasilale. Makuli walisema mlundo unainama. Bosi akawajibu kwamba anayeogopa mbolea akalime nyanya. Mlundo ukaja chini, na Shadrack alikuwa chini yake.

Aliyempakia kwenye pikapu ya bosi ni nyapara wao, Watson Sinkala. Njiani, Shadrack akilia kwa maumivu, Watson alimwinamia akamwambia: "Ukisema ni godauni, bosi atasema hakujui, nani atakutibu? Sema pikipiki. Bosi atakuhudumia. Na mdogo wako Brayan atabaki kazini." Kwa daktari, Watson alisema mwenyewe kabla hajaulizwa. Pikipiki ikaandikwa.

"Nikaona ananisaidia," Shadrack alisema. "Ni mzee wa kanisa, mama. Ndiye aliyetusimamia tulipofunga ndoa."

Gwantwa alitoka nje akasimama kwenye uchochoro mpaka pumzi yake ikarudi. Kama Watson angekuwa mbele yake saa ile, hata mkono mmoja ungemtosha.

Kesho yake alikwenda ofisi ya kazi kumwona Jenista, ofisa aliyekuwa amezoeana naye. Jenista alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Muda tunao," alisema. "Hata kama mwajiri hajawahi kuchangia, hilo ni lake na mfuko, si la kijana. Lakini hospitali imeandikwa pikipiki, mwajiri atasema pikipiki, na mgonjwa mwenyewe alisema pikipiki. Nahitaji watu waliokuwepo, mama Gwantwa. Wawili, watatu. Waje waseme walichokiona."

Waliokuwepo walikuwa wengi. Gwantwa aliwafuata saa ya chakula, pale nje ya lango, wamekaa kwenye ukuta wa mtaro na sahani zao za ugali na dagaa. Akawasalimu kwa furaha, wakamwitikia kwa furaha. Alipolitaja jina la Shadrack, wakainamia sahani. Vijana wenye mabega ya kubeba magunia mchana kutwa, wakawa kama watoto waliovunja mtungi.

Mmoja wao, Isaka, alimsindikiza hatua chache. Alikuwa mtu wa makamo, mwimbaji wa besi kwenye kwaya ya kanisa lao.

"Bamayo, usituone wabaya," alisema. "Nina watoto wanne. Hapa asubuhi wanakuja vijana kumi langoni kuomba nafasi yangu."

"Na ukianguka wewe kesho?"

"Ndiyo maana naomba Mungu nisianguke."

Gwantwa alimtazama mtu mzima aliyefikishwa mahali pa kuomba Mungu mlundo usimwangukie, kwa sababu bosi hapendi lori lilale. Hakumgombeza. Hasira yake ilikuwa imempita Isaka, ikaenda mbali zaidi, ndani kule kwenye ofisi ya bosi yenye pazia.

Jumapili ikafika. Kanisa lilijaa, maana mavuno ya mahindi yalikaribia na watu wa mashambani walikuwa wamekuja mjini. Baada ya matangazo, mchungaji alimwita mzee wa zamu aongoze sala ya kuwaombea wagonjwa. Mzee wa zamu alikuwa Watson.

Alikuja mbele akiwa ndani ya koti lake la kijivu, mtu wa heshima, sauti nzito yenye mwendo wa Kinyamwanga. Akawaombea wazee, akawaombea wajawazito. Kisha akasema:

"Na kijana wetu Shadrack, Bwana, aliyepata ajali ya pikipiki. Wewe unajua siri ya mambo yote. Mpe subira, yeye na familia yake, waipokee hali hii bila manung'uniko. Tuseme wote—"

"Mimi sisemi amina."

Vichwa viligeuka. Gwantwa alikuwa amesimama, mstari wa nne upande wa kina mama, mkono wake umeshika benchi la mbele. Baadaye alisema hakukumbuka kusimama. Alilisikia lile neno manung'uniko, na alipozinduka alikuwa wima.

"Mama Gwantwa," mchungaji aliita kwa upole.

"Baba mchungaji, naomba niulize kabla ya amina. Mzee Watson amesema pikipiki. Ilikuwa ya nani?"

Watson alifumbua macho, akamtazama mchungaji.

"Ilikuwa inaendeshwa na nani? Imegonga nini? Sisi hapa ni watu wa Tunduma, bodaboda akidondosha hata yai habari zinafika sokoni. Ajali hii imemvunja mtu mgongo, hakuna aliyeiona? Kanisa zima linamwomba Mungu kwa ajali isiyokuwepo? Mbele ya mke wake?"

Imelda alikuwa ameinamisha uso kwenye kichwa cha mtoto. Kwenye kwaya, Isaka alikuwa akitazama viatu vyake. Mchungaji akaanzisha wimbo, na watu wakaudaka kama mtu anayezama anavyodaka kamba.

Nje, baada ya ibada, wanawake aliokuwa akigawana nao chumvi walimpita wakijifanya wanaita watoto. Mmoja alimwambia kabisa, "Hata kama ni kweli, dada, mbele ya madhabahu?" Gwantwa akamjibu, "Uongo ulisemewa wapi? Si hapo hapo?"

Jumatano aliitwa mbele ya baraza la wazee. Walikuwa wazee sita na mchungaji, Watson kati yao, kwenye chumba chenye mabenchi na kabati la vikombe vya meza ya Bwana. Mwenyekiti wa wazee alizungumza kwa kirefu juu ya utaratibu wa ibada. Akamaliza kwa kusema baraza linamtaka mama Gwantwa amwombe radhi mzee Watson mbele ya usharika, ama atengwe na meza ya Bwana mpaka atakapojirudi.

"Kukatiza sala, naomba radhi," Gwantwa alisema. "Hata sasa hivi, naomba. Nilichokisema sitakiombea radhi. Mkinitenga, nitengeni."

"Unaona kiburi hicho?" alisema mwenyekiti.

"Si kiburi, mzee. Mimi nilishasema asante siku moja mahali ambapo sikupaswa. Sirudii."

Mchungaji, ambaye alikuwa kijana kuliko wazee wote mle ndani na muda wote alikuwa hajasema, akamgeukia Watson. "Mzee, mimi pia nimekuwa nikijiuliza tangu Jumapili. Pikipiki ilikuwa ya nani?"

Watson alijifuta uso. Ghafla alionekana mzee kweli, na koti lake kama limemzidi.

"Mchungaji," alisema, "na mimi nimeajiriwa."

Lakini baraza halikufuta uamuzi wake. Kwa sababu ya utaratibu, walisema. Na kwa sababu bosi wa godauni ndiye aliyetoa mabati ya nyumba ya mchungaji, jambo ambalo hawakulisema. Jumapili iliyofuata mtu aliyeuleta uongo kanisani akarudi kwenye kiti chake cha mbele, na mama aliyeukataa akakaa benchi la nyuma wenzake wakienda kupokea mkate. Gwantwa alilia siku hiyo, njia nzima mpaka nyumbani, na binti yake mkubwa alipomwuliza analilia nini, alisema analia kwa hasira, amletee maji.

Isaka alikuja kibandani Ijumaa ya wiki hiyo. Hakuja peke yake. Nyuma yake walikuwa makuli wengine wawili, na Brayan, mdogo wake Shadrack, kijana wa miaka ishirini ambaye kazi yake ndiyo iliyokuwa bei ya kimya cha kaka yake.

"Bamayo," Isaka alisema, "siku ile kwaya iliposimama kuimba, mimi sauti haikutoka. Na jana Brayan ametuambia tukikaa kimya yeye anaacha kazi, kwa hiyo hatumlindii chochote. Twende huko kwa afisa."

"Watoto wako wanne?"

"Nimemwambia mama yao. Amesema twende."

Wakaenda. Jenista aliwasikiliza mmoja mmoja, mlango umefungwa, kisha akafika godauni mwenyewe pamoja na wakaguzi. Bosi aliwapokea kwa soda. Akasema hamjui Shadrack Nzunda. Makuli wanaokuja langoni ni wa kupita, hata majina hawaulizwi. Jenista akamwuliza kama hamjui, kwa nini alimnunulia dawa. Bosi akasema alimhurumia kama Mkristo. Ofisa akageuka kumtazama nyapara, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Mzee, na wewe humjui?"

Watson alitazama mlundo wa mifuko, uliokuwa umefika tena karibu na paa. Akasema, "Namjua. Alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyemtoa chini ya mifuko."

Gwantwa hakuwepo, alisimuliwa na Jenista. Watu walitegemea ampe Watson heshima kwa neno hilo. Hakumpa. "Alikuwa na nafasi ya kulisema kwenye pikapu," alisema. "Alikuwa nayo hospitali. Alikuwa nayo mbele ya Mungu. Amelisema baada ya watu wanne kutangulia kuweka shingo zao."

Madai ya Shadrack yalikubaliwa. Matibabu yake yakashughulikiwa, akapelekwa hospitali kubwa kwa mazoezi, akapata kiti cha magurudumu, na malipo ya kila mwezi yakaanza kuingia kwa jina lake. Wakahamia chumba chenye mlango mpana. Miguu haikurudi. Mama mkwe wake alipomwambia kwamba sasa ashukuru, mambo yamekuwa mazuri, Shadrack alisema, kwa adabu yote, "Mama, mimi nilikuwa nabeba magunia mawili kwa mpigo." Hakuna aliyemwambia hivyo tena.

Godauni halikufungwa. Bosi alidaiwa michango aliyokuwa hajatoa, na faini juu yake, akalipa kama mtu anayelipa maegesho. Watson alibaki nyapara, ila aliacha kuongoza sala. Ulipokuja uchaguzi wa wazee, hakugombea.

Na Isaka akafukuzwa. Brayan alikuwa ameshaondoka mwenyewe, akapata kazi ya kuosha malori. Wale wawili hawakuguswa. Lakini Isaka, aliyekuwa wa kwanza kusema na mwenye sauti nzito kuliko wote, aliambiwa asubuhi moja langoni kwamba nafasi yake imejaa. Siku hizi anavuka mpaka kwenda Nakonde kupakua mahindi, anapopata.

Watu walidhani Gwantwa ameshinda, wakaja kumpongeza. Aliwafukuza kibandani. "Mmenipongeza kwa lipi? Aliyevunja mtu mgongo anakula, aliyesema kweli ndiye anashindia uji." Akamshika Isaka kwa mkono, akampeleka kwenye tume inayosikiliza migogoro ya kazi, wakafungua shauri la kuachishwa bila haki.

Mara ya kwanza bosi hakutokea. Mara ya pili alimtuma karani kusema anaumwa. Mara ya tatu, ambayo ilikuwa wiki iliyopita, Gwantwa na Isaka walikaa kwenye benchi la koridoni tangu asubuhi, Isaka akiwa na shati lake la kwaya, pekee lililo zima. Mchana karani wa tume akatoka akawaambia shauri limeahirishwa tena.

Isaka alishaanza kuinuka. Gwantwa akamvuta chini.

"Limeahirishwa kwa sababu gani?"

"Mwajiri ameomba muda, mama."

"Ameomba mara ya tatu. Sisi tunaomba kumwona msuluhishi mwenyewe, asikilize upande mmoja kama upande wa pili hautaki kuja. Sheria inaruhusu?"

"Inaruhusu. Ila leo huenda mkangoja mpaka jioni."

"Tutangoja," Gwantwa alisema. Akafungua mfuko, akatoa viazi vilivyochemshwa, akamega kimoja kwa meno, kilichobaki akampa Isaka.